Ramadhani 17: Huruma bila moyo ni unafiki?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Alhamdulillah, tumefika siku ya 17. Leo misikiti mingi itazungumzia Badr, na ni haki yake. Sisi pia tutafika Badr, ila leo tutapitia wodini.

Swali la leo limeletwa na binti mmoja wa jamaa zetu, yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Ametoa ruhusa niliandike. Jina lake na chuo chake tunavisitiri. Aliniuliza hivi: "Shehe, namwosha mgonjwa huku moyoni nasikia kinyaa. Namwambia pole huku nawaza zamu iishe. Kila mtu anasema unesi ni wito, na mimi huo wito siusikii. Sasa mimi si mnafiki?"

Jamani, msilichukue swali hili kijuujuu. Neno unafiki kwetu ni zito. Na binti hakuuliza ili apate mada ya kuzungumza. Alikuwa anataka kuacha chuo. Baba yake ameuza ng'ombe wawili kupata ada, na kozi ni ya miaka 3. Akiacha, nyumba nzima imeumia. Akibaki huku anaamini kila siku anafanya unafiki, ataumia yeye peke yake, kimyakimya.

Tuanze na alichokutana nacho, maana wengi wetu tunawaona manesi tukiwa na shida tu, hatujui wanaanzaje.

Wiki za kwanza hakuna mgonjwa. Kuna mwanasesere mkubwa kitandani, wanafunzi wanamzunguka. Wanafundishwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Wanafundishwa kunawa mikono, na nyakati za kunawa ni 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Binti alicheka akaniambia, "Shehe, tano kama swala." Nikamwambia ndiyo, na kama swala, ugumu wake ni kudumu nazo.

Wanafundishwa kuhesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Unahesabu dakika nzima, na humwambii mgonjwa kwamba unahesabu, kwa sababu akijua atabadilisha anavyopumua. Kwa hiyo unashika mkono wake kama bado unapima mapigo, huku macho yako yako kifuani. Na kabla ya yote hayo, wanafundishwa kuvuta pazia. Humfunui mtu kabla hujamsitiri.

Kisha wakapelekwa wodini. Mgonjwa wake wa kwanza kumwogesha alikuwa mzee wa kiume aliyepooza upande mmoja, anayeongea Kizanaki tu, na binti Kizanaki hakijui. Ndugu hawakuwepo. Mwanasesere wa chuoni hakuwa na harufu. Mzee alikuwa nayo. Mwanasesere hakuona aibu. Mzee alifumba macho na kugeuzia uso ukutani muda wote anaoshwa. Kitanda cha pili kulikuwa na mama ambaye mwanawe alimfokea binti mbele ya watu kwa sababu dripu imeisha: "Nesi gani wewe?" Dripu haikuwa kazi yake, yeye ni mwanafunzi, lakini sare ni sare.

Wiki ya tatu yule mzee akafariki. Asubuhi ile binti alikuwa amemlisha uji kijiko kwa kijiko. Aliporudi kutoka kumwaga beseni, akakuta wakubwa zake wamesimama pale, pazia limevutwa. Hakulia. Akaambiwa aendelee kupima joto kitanda kinachofuata, akaendelea. Usiku wake, bwenini, akajiogopa. Akasema moyoni: mtu amekufa mikononi mwangu na mimi sikutoa hata chozi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile swali.

Sasa tulijibu.

Wapo watakaosema: kazi ni kazi. Mgonjwa anahitaji kuogeshwa, dawa kwa wakati na kidonda kisafi. Moyo wa nesi unamhusu nini? Wengine watasema kinyume chake: asiye na huruma asiguse wagonjwa, aende akauze duka. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini hakuna upande hata mmoja unaojibu alichouliza binti. Yeye aliuliza: nikitenda wema ambao moyo wangu haujaufikia, nimesema uongo kwa mikono yangu?

Ndugu zangu, jibu mnalo vinywani mwenu tangu alfajiri.

Mchukue mvuvi wa Mwigobero, saa 9 alasiri, jua limekaa utosini na ziwa lote liko mbele yake. Koo limekauka. Moyo wake unayataka yale maji, wala hana sababu ya kudanganya. Je, kwa kuwa moyo unataka maji na mdomo umekataa, tutamwita mnafiki? Hakuna shehe wala mtoto wa madrasa atakayesema hivyo. Tutasema amefunga. Na tena tutasema kwamba kama asingekuwa na kiu kabisa, tusingejua saumu yake imembeba uzito gani. Saumu haikuja kuondoa kiu. Imekuja kutufundisha kwamba kiu siyo inayoamua.

Basi ndivyo kilivyo kinyaa. Kinyaa ni cha mwili, kama kiu. Allah ameumba pua ikimbie uvundo, na pua ya nesi imeumbwa kama ya kwako. Binti hakuchagua kinyaa. Alichochagua ni kubaki pale na beseni la maji ya uvuguvugu, akamaliza kumwosha mzee mgongo, akamkausha, akamfunika. Mtu hahesabiwi kwa kinachompitia moyoni bila hiari yake. Anahesabiwa kwa anachokikubali na kukifanya.

Na unafiki ni nini? Mnafiki anaonyesha wema ili apate kitu, na nyuma ya wema ule ameficha madhara. Muuza samaki anayekuita "mpenzi mteja" huku kidole kiko kwenye mizani, yule ndiye wa kuogopwa. Tabasamu lake ni la kukuibia. Lakini anayemtabasamia mgonjwa huku anapigana na tumbo lake mwenyewe, tabasamu lile linakwenda kwa mgonjwa, yeye habaki na kitu. Nje wanafanana. Tofauti yao ni moja: kinachofichwa kinamdhuru nani?

Nikamuuliza binti swali moja tu. Je, uliwahi kumfanyia mgonjwa jambo zuri pasipo mtu kukuona? Akanyamaza, kisha akasema: usiku mmoja, saa 9, mgonjwa asiye na fahamu alikuwa amechafua shuka. Nesi wa zamu alikuwa chumba kingine. Zamu ya asubuhi ingebadilisha, hakuna ambaye angemlaumu. Akavuta pazia, akambadilisha. Akavuta pazia hata kwa mtu asiye na fahamu, wodi yote imelala. Mgonjwa hatajua kamwe. Nikamwambia, mwanangu, mnafiki hafanyi kazi saa 9 usiku gizani. Hana mtazamaji.

Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili ni hii: mkono hauko chini ya moyo kila siku, mara nyingine mkono ndio mwalimu wa moyo. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayejitahidi kuwa na subira, Allah humpa subira. Angalieni mpangilio. Hakusema subiri kwanza subira ije ndipo usubiri. Unaanza kuitenda ukiwa huna, ndipo unapewa. Sisi walimu tunalijua hili darasani. Mtoto haanzi kuandika kwa kuipenda kalamu. Anaanza kwa kufuatisha nukta, mkono umeshikwa na mwalimu, analalamika. Mapenzi ya kuandika yanakuja baadaye, na yanakuja kupitia vidole.

Lakini tusimalize hapo, tutakuwa tumewapa watu kisingizio. Upo mkono uliozoea kazi hadi ukasahau kuwa unagusa mtu. Mgonjwa anaitwa "kitanda namba sita". Watu wawili wanasimulia mambo ya sokoni juu ya kichwa chake wakati wanamgeuza, kama gunia la dagaa. Mkono ule haufundishi moyo tena, umeuacha nyumbani. Kwa hiyo yule aliyesema moyo unahitajika hakukosea kabisa. Kosa lake ni kudhani moyo maana yake ni machozi.

Machozi hayaamrishwi. Hakuna anayeweza kumwambia binti "lia" saa 1 asubuhi na wagonjwa 20 wanamsubiri. Kinachoweza kuamrishwa ni kuhudhuria. Ile dakika moja ya kuhesabu pumzi: ukiwaza simu yako utapoteza hesabu. Dakika moja nzima, mtu mzima anamtazama mtu mwingine anavyopumua, na hafanyi kingine. Ndugu zangu, kuna wangapi kati yetu ambao mzazi wetu tumemtazama hivyo hata dakika moja mwaka huu? Katika swala hatujaambiwa lazima tulie. Tumetakiwa tuwepo. Huruma ya wodini iko hivyohivyo: kuwepo, kumwita mtu kwa jina lake, kuvuta pazia, kuomba ruhusa kabla ya kumgusa. Machozi yakija, ni zawadi juu yake.

Na sasa tumefika Badr.

Mwaka wa 2 wa Hijra, Ramadhani 17, Waislamu mia tatu na ushei walikutana na jeshi la Makuraishi lililokaribia elfu moja. Kila aliyekuwepo akapata heshima ambayo haikufutika. Lakini mmoja wa wakubwa kabisa wa umma huu hakuwepo. Seyyidna Uthman bin Affan (r.a.) alibaki Madina kwa amri ya Mtume (s.a.w.), amuuguze mkewe Bi Ruqayya (r.a.), binti ya Mtume mwenyewe. Wenzake wako vitani, yeye yuko kitandani pa mgonjwa, na maji, na matambara. Na Bi Ruqayya hakupona. Habari ya ushindi ilipoingia Madina, watu walikuwa wametoka kumzika.

Kwa macho yetu, Uthman alikosa viwili: alikosa Badr, na mgonjwa wake alimpoteza. Lakini Mtume (s.a.w.) aliporudi alimhesabia Uthman fungu lake na ujira wake sawa na aliyepigana. Fikirini. Hakuhesabiwa kwa sababu mgonjwa alipona. Alihesabiwa kwa sababu alikaa.

Binti aliposikia hili ndipo alipolia, miezi miwili baada ya mzee kufariki. Sikumwambia baki chuoni wala ondoka, hiyo ni amri yake na wazazi wake. Nilimwambia tu kwamba uji ule aliomlisha asubuhi haukupotea. Mpaka leo ninapoandika bado anaendelea na masomo.

Najua wazazi wengine wa jamaa hii wana swali lao: binti wa Kiislamu amwoshe mwanamume? Mlango huu walishaupita wanawake bora kuliko sisi. Bi Umm Atiyya (r.a.) alitoka katika vita 7 pamoja na Mtume (s.a.w.), akipika, akitibu majeruhi na kuhudumia wagonjwa. Bi Rufaida (r.a.) alikuwa na hema la kutibia, na Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipopigwa mshale vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, aliuguzwa katika hema ndani ya Msikiti wa Mtume. Msikitini, ndugu zangu. Mtume (s.a.w.) alitaka awe karibu ili amtembelee. Penye wauguzi wa kiume wa kutosha, mwanamume amhudumie mwanamume, ni bora. Pasipokuwepo, haja inaruhusu kwa kiasi cha haja, na pazia livutwe. Lile somo la kwanza la chuoni na mafundisho yetu ya sitara ni kitu kimoja.

Na kwa wanafunzi wanaouliza kuhusu saumu ya zamu ndefu: nuia saumu, kula daku vizuri, anza siku umefunga. Ukifika mahali unahofia madhara ya kweli, kwako au kwa mgonjwa aliye mikononi mwako, fungua na utalipa baada ya mwezi. Usipime dawa ya mtu huku macho yanaona giza.

Sasa niwageukie ninyi na mimi, tusio na sare.

Watu wa Butiama wanajua kaburi la Mwalimu Nyerere lilipo. Alizaliwa hapo mwaka 1922, na alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Ni hospitali hiyohiyo ambako Florence Nightingale alianzisha shule yake ya wauguzi mwaka 1860, akiwa na hoja kwamba kuuguza ni elimu ya kusomewa, siyo tu moyo mwema aliozaliwa nao mtu. Mtoto wa Mara aliyeongoza nchi, siku zake za mwisho alikuwa mikononi mwa wauguzi, watu ambao majina yao hatuyajui. Na kila mmoja wetu atapitia mikono ya namna hiyo, ya kwanza siku ya kuzaliwa, na nyingine mwishoni. Hospitali ya rufaa ya Kwangwa yenye jina lake, ambayo wazee wetu waliisubiri tangu miaka ya 1970, ni majengo tu mpaka mtu aingie na beseni.

Basi mtu huyo tunamfanyiaje? Tunadai awe na moyo wa malaika, halafu tunamfokea mbele ya watu. Tunasema manesi hawana huruma, na nyumbani bibi aliyepooza tumemwachia dada wa kazi, sisi tumewahi safu ya mbele tarawehe. Tunakwenda wodini Ramadhani na sabuni na juisi, jambo zuri, kisha tunapiga picha, mgonjwa amelala kifua wazi nyuma ya katoni zetu, na picha inazunguka kwenye magrupu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefundishwa kuvuta pazia. Sisi watu wazima tunalifungua.

Kwa hiyo kazi ya leo ni tatu:

1. Kama nyumbani una mgonjwa wa kulala, mhudumie wewe mwenyewe mara moja leo kabla ya futari. Mgeuze, maana mwili ukikaa upande mmoja muda mrefu unafanya vidonda, na wauguzi wanafundishwa kugeuza kila baada ya saa 2 hivi. Someni Suratul Kahf: wale vijana wa pangoni, Allah mwenyewe anasema aliwageuza kuliani na kushotoni. Ukisikia kinyaa, endelea. Kiu pia unaisikia na unaendelea.

2. Ukienda hospitali wiki hii, uliza wodini kama yupo asiye na ndugu. Huyo ndiye mgonjwa wako. Simu ibaki mfukoni.

3. Mwambie nesi mmoja asante, kwa sauti, mbele ya watu, kama tunavyowafokea mbele ya watu.

Na wewe binti yetu, na wenzako wote mlio mwaka wa kwanza: msisubiri wito upige hodi ndipo mfanye kazi vizuri. Fanyeni vizuri, mlango utakuwa wazi siku ukija.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, ipe nguvu mikono inayowahudumia, na utusitiri duniani na akhera kama wanavyositiriwa waja wako nyuma ya pazia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Futari njema, tukutane tarawehe in sha Allah.